Kupanda mpaka ziwa la mlimani majira ya majani kupukutika na kurudi siku hiyohiyo, na wanyama utakaokutana nao njiani

Kwanza saa. Viatu na makoti tutafika huko, lakini safari ya ziwani kipindi hiki inaharibikaga kwenye saa, sio kwenye miguu. Sisi tuliozoea jua linazama saa kumi na mbili mwaka mzima hii hesabu hatuna kichwani kabisa, huku kwenye nchi za baridi kuanzia mwisho wa Septemba mchana unapungua kama dakika 3 kila siku (kwenye latitudo ya 45 kaskazini hivi), yani wiki moja tu dakika 20 zimeshaenda, njia iliyokurudisha mwezi wa nane jua bado liko juu, mwezi wa kumi hiyohiyo inakurudisha gizani. Alafu kuna mtego mwingine, saa zinarudishwa nyuma lisaa lizima, Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba na sehemu nyingi za Marekani na Kanada ni Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo jua lililozama jana saa kumi na mbili leo linazama saa kumi na moja na wewe plani yako ni ya jana. Na hapo bado hujahesabu mlima wenyewe, maana maziwa mengi ya juu yamekaa kwenye shimo lililozungukwa na kuta za mawe, jua linajificha nyuma ya kilele mapema kabla halijazama kweli, na baridi inashuka hapohapo.

Kwa hiyo fanya hesabu nyumbani. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja anaitwa Naismith, ya mwaka 1892, mpaka leo inatumika: kila kilomita 5 weka saa moja, alafu kila mita 600 za kupanda ongeza saa nyingine. Ziwa likiwa kilomita 6 kutoka unapopaki gari na kupanda ni mita 600, kwenda ni masaa 2 na dakika 12, kurudi saa 1 na dakika 12. Ila huyo ni mtu asiyesimama, hapigi picha, hafungi kamba za kiatu, hana mwenzake anayeuliza bado mbali. Mimi nazidisha kwa moja na nusu, inakuja kama masaa matano, na lisaa la kukaa ziwani linakuwa la sita.

Alafu weka saa ya kugeuka. Hii ndo kitu ya maana kuliko begi lote. Chukua saa ya jua kuzama, toa masaa ya kurudi, toa mawili mengine ya bahati mbaya. Jua likizama saa kumi na mbili jioni na kurudi ni masaa mawili, unageuka saa nane mchana, popote ulipo, hata kama ziwa unaliona pale mbele linang'aa. Wenzako waambie mapema kabisa mkiwa bado chini, sababu ukisema saa nane kwa mara ya kwanza saa nane yenyewe utaonekana mwoga na mtaanza kubishana.

Mimi mwaka wa kwanza sikugeuka. Tulifika ziwani saa tisa na kitu, ng'ambo kulikuwa na kulungu dume wawili wanatunishiana, nani angeondoka pale? Tukakaa. Tukashuka watu watatu na tochi moja, simu yangu iliyokuwa na asilimia 40 ikazima yenyewe kwa baridi, ile sehemu ya mawe tuliyopanda kwa dakika kumi tukaishuka kwa makalio lisaa zima.

Sasa nguo. Kwa wastani kila ukipanda mita 1000 joto linashuka kama nyuzi 6.5, kwa hiyo chini ukiacha nyuzi 10 juu mita 1000 ni kama tatu na nusu, na upepo haujaja. Nguo tatu nyembamba zinashinda koti moja nene kwa sababu unavua na kuvaa, na siri ni kuvua KABLA hujatoka jasho, anza kutembea ukiwa unahisi baridi kidogo. Jinzi na tisheti ya pamba acha, pamba ikilowa haikaukagi huko na inakunyonya joto lote, vaa sufu au zile za michezo. Koti la kuzuia upepo na mvua, kofia, glovu, soksi za akiba. Kiatu chenye meno, maana majani yaliyoanguka yakilowa yanateleza vibaya sana hasa yakiwa yamefunika mizizi, na kwenye kivuli kunaweza kuwa na barafu nyembamba asubuhi ambayo huioni mpaka uko chini.

Tochi ya kichwani kila mtu na yake, hata kama mnasema mtarudi saa tisa. Ramani daunlodi mapema maana mtandao hakuna, na simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, sio mfuko wa nje wa begi. Filimbi pia. Ukipata shida piga mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia, na ukisikia tatu kwa dakika ujue mtu amekusikia. Alafu mwambie mtu anayebaki nyumbani mnaenda ziwa gani, kwa njia gani, na ikifika saa ngapi kimya aanze kupiga simu.

Haya, wanyama, maana najua wengi ndo mmekuja kwa ajili ya hawa. Kipindi hiki ni kizuri kuliko vyote kuwaona kwa sababu kila mnyama ana haraka, baridi inakuja na wengine wanatafuta majike. Utawaona zaidi alfajiri na jioni, na kwa kuwa jioni unatakiwa uwe umeshashuka, chako ni alfajiri, kwa hiyo ukianza kutembea kunapambazuka umepata vyote viwili, wanyama na muda.

Anza na wadogo, watu wanawapitaga tu. Kwenye mawe yaliyomwagika karibu na maziwa ya milima ya Marekani na Kanada utasikia sauti fupi kama toi la mtoto limekanyagwa, simama, usisogee dakika tano, atatoka kitu kama panya wa duara asiye na mkia, masikio ya duara, majani yamejaa mdomoni. Anaitwa pika (hapana hapiki, ila anaanika!), ni ndugu wa sungura na halali usingizi wa baridi, kwa hiyo anakusanya majani, anayaanika, anayaweka akiba chini ya mawe ya kula theluji ikifunika. Marmoti, ndugu mnene wa kindi anayeishi mashimoni, yeye kinyume, anakula mpaka ananenepa kama mto wa kulalia alafu anaingia shimoni kulala miezi mingi, ukienda mwishoni mwa Oktoba usishangae humwoni, ameshaaga.

Wakubwa ni habari nyingine. Septemba na Oktoba ndo madume ya kulungu yanapigania majike, kulungu mwekundu wa Ulaya ananguruma, elki wa Marekani anatoa mluzi mwembamba mrefu kama mlango usiotiwa mafuta, mara ya kwanza ukiusikia kwenye ukungu nywele zinasimama. Dume wa kipindi hiki hana akili ya kawaida, hali vizuri, halali vizuri, na wewe anaweza akakuona mpinzani. Akisimama kwenye njia huna hoja, njia ni yake, subiri au zunguka mbali, mimi nimewahi kusubiri dakika 40 nyuma ya mti nikila karanga. Musi, yule mkubwa kupita farasi mwenye pembe kama majembe, anapenda kukaa majini na vichakani pembeni ya ziwa, anaonekana mpole kwa kuwa ni mzito, usimwamini. Masikio yakilala nyuma na nywele za mgongoni zikisimama, ondoka. Akikukimbilia, huyu unakimbia kweli na kuweka mti mnene katikati yenu.

Dubu usimkimbie. Anaweza kufika kilomita 50 kwa saa, hutomshinda, na kukimbia ndo kunamwamsha. Kipindi hiki yuko kwenye kula tu, kabla ya kulala anaweza kumaliza kalori 20,000 kwa siku, kichwa kiko kwenye matunda ya porini na hasikii ukija, kwa hiyo ongea, piga makofi kwenye kona na karibu na maji yanayopiga kelele. Ukimwona mbali rudi taratibu ukiongea kwa sauti ya chini. Sehemu zenye dubu beba ile dawa ya pilipili ya kupulizia, mkononi au kiunoni, sio ndani ya begi chini ya sweta. Ikishindikana kabisa, dubu wa kahawia akikugusa kwa kushtuka lala kifudifudi mikono shingoni ukae kimya, dubu mweusi akikuvamia pigana naye.

Umbali: pale Yellowstone, ile hifadhi ya taifa ya Marekani, sheria ni mita 91 kwa dubu, mbwamwitu na puma (simba wa milimani), mita 23 kwa wengine. Huna futi kamba? Nyoosha mkono, inua dole gumba, funga jicho moja, kama dole halimfuniki mnyama wote umesogea sana. Picha ya karibu inatoka kwenye lenzi, na darubini ndogo inakupa raha kuliko simu. Usimlishe yeyote, hata kindi anayekuja mpaka kwenye kiatu. Na kabla hujaenda angalia kama ni msimu wa uwindaji eneo hilo, ukiwa ni msimu vaa kizibao cha rangi ya chungwa inayowaka, mbwa wako pia.

Ukifika ziwani vaa sweta KWANZA, kabla ya picha, mwili unapoa haraka ukisimama. Kama kuna miti ya lachi umebahatika, inafanana na misonobari ila sindano zake zinageuka dhahabu na kuanguka. Maji hata kama yanaonekana safi kama kioo chemsha, dakika moja inatosha, ukiwa juu ya mita 2000 dakika tatu. Kuoga? Baridi ile inakufanya uvute pumzi kwa nguvu bila kutaka, ukiwa chini ya maji ndo basi. Barafu nyembamba ya pembeni usiikanyage, mtu anahitaji angalau sentimita 10 za barafu ngumu na kipindi hiki hazipo. Maganda yote yanarudi na wewe, hata ya ndizi.

Kushuka nenda hatua fupi, magoti ndo yanalipa. Na ukifika kwenye gari, kabla hujavua viatu, mtumie meseji yule mtu wa nyumbani. Mimi nilisahau mara moja, nikaenda nikaoga nikalala, nikaamka simu ina misdikoli 14 na dada yangu alikuwa ameshafika kwenye kuongea na waokoaji.