Kupima joto la taa za kuoteshea mboga kabla halijazuia mbegu kuota

Mpwa wangu anakaa Ngamiani, hapa Tanga. Nyumba imebanwa na ghorofa la jirani, jua haliingii uani hata saa sita mchana. Akaamua kuotesha saladi chumbani kwa taa awauzie watu wa hoteli za Raskazone, kwa sababu saladi ya Lushoto ikishushwa mlimani juani hufika imelegea. Mwezi wa pili, kaskazi imechachamaa, akanipigia simu: "Shikamoo mjomba. Mara ya tatu hii nasia, na hazioti." Mimi ni fundi umeme, nikaenda nikidhani waya una hitilafu. Nilikesha siku mbili kabla sijaelewa kilichokuwa kinaendelea.

Hatua ya 1: Kufunga taa

Ning'iniza taa kwa mnyororo ili uweze kuipandisha na kuishusha. Unganisha waya wa ardhi kwenye bodi ya alumini, hasa kwa kuwa utakuwa unamwagilia maji chini yake. Weka taima. Basi.

Hatua ya 2: Kujua taa inakula wati ngapi kwa kweli

Usiamini namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Taa za mpwa wangu zilikuwa mbili, kila moja imeandikwa 1000. Nilianza kwa klampumita, kile kibanio cha kupimia umeme unaopita kwenye waya, nikaacha: taa nyingi za bei nafuu huvuta umeme kwa namna inayoifanya klampumita ya kawaida isome tofauti na matumizi halisi. Kifaa bora unacho tayari ukutani, nacho ni mita ya Luku.

Zima kila kitu, friji na chaja za simu pia. Washa taa moja tu. Kwenye mita kuna kitaa chekundu kinachomweka, na pembeni pameandikwa 1000 imp/kWh, yaani mimweko 1000 kwa uniti moja, au 1600, au namba nyingine. Hesabu sekunde kati ya mmweko mmoja na unaofuata. Kama ni mita ya 1000, gawanya 3600 kwa sekunde hizo, upate wati. Ya 1600, gawanya 2250. Hesabu mimweko kumi kisha utafute wastani, mmoja hautoshi.

Ile taa ya "1000" ilimweka kila baada ya sekunde 34. Hiyo ni wati 106. Ikiwaka saa 16 kwa siku inakula karibu uniti 51 kwa mwezi, na mbili ni uniti 102. Ukiwa mteja wa D1, lile kundi la matumizi madogo lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, taa mbili peke yake zimeshakutoa humo.

Hatua ya 3: Kulitoa joto nje

Hapa ndipo siku mbili zangu zilipoishia, kwa hiyo nitakaa hapa.

Watu husema taa za LED hazina joto. Weka mkono chini yake, kweli husikii mwako kama wa taa za sodiamu, zile za njano za barabarani. Lakini mwanga wenyewe ukipiga jani, ukuta au sakafu, unageuka joto palepale. Mmea huhifadhi sehemu ndogo sana kama chakula chake. Kwa hiyo wati 212 zinazoingia kwenye taa ni wati 212 za joto chumbani, usiku kucha, kama jiko dogo ambalo halizimwi.

Mpwa wangu alikuwa amefunga dirisha asiingize wadudu, pangaboi linazunguka juu. Pangaboi haliliondoi joto chumbani. Linalikoroga tu, na mota yake inaongeza lake. Kipimajoto kilisoma nyuzi 37. Mbegu za saladi zikipata joto la zaidi ya 30 hivi hulala, haziamki hata ukizimwagilia vizuri kiasi gani. Mbegu hazikuwa mbovu, wala muuzaji hakuwa na kosa.

Dawa ni feni ya kutolea hewa, na ukubwa wake unahesabika. Kanuni ninayotumia: kwa kila wati moja, toa mita moja ya ujazo ya hewa kwa saa, na chumba kitazidi nje kwa nyuzi 3. Ukitoa nusu ya hewa hiyo, kitazidi kwa nyuzi 6. Kwa wati 212 tulihitaji feni ya mita 212 au zaidi. Kwanza tulifunga ile ya chooni ya inchi 4, ya mita 100, tukashangaa joto halishuki vya kutosha.

Lakini angalia: feni hailishi chumba hewa baridi kuliko ya nje. Nje kukiwa na 32, ndani hutapata 30 kwa feni yoyote ile.

Feni ikae juu, tundu la kuingizia hewa liwe chini upande wa pili, lenye kivuli, na uliwekee wavu wa mbu. Ukiyaweka karibu karibu, hewa inazunguka njia fupi na kona nyingine zinabaki na fukuto. Mimi napima kwa udi. Washa kipande chetezoni, kishike karibu na trei, tazama moshi. Ukijikunja palepale juu ya majani, hewa imekufa hapo. Ukilala na kuelekea kwenye feni, umefaulu. Kwetu moshi ulikuwa unarudi nyuma ya mlango, tukahamisha tundu mara mbili.

Draiva, kile kiboksi kinachobadilisha umeme wa ukutani uifae LED, nayo itoe nje ya chumba ikiwa inatenganishika na taa. Inapoteza wati kama kumi tu, lakini draiva isiyopikwa hudumu zaidi.

Kiyoyozi sikishauri. Kwa kila wati tatu za taa utalipa takriban wati moja nyingine ya kupoza.

Hatua ya 4: Saa za kuwasha

Washa saa 12 jioni, zima saa 4 asubuhi. Ni saa 16, na jua kali la mchana linakuta taa zimelala. Wakati wa kaskazi tunatumia taa moja. Mbili tunawasha kusi ikianza kuvuma.

Hatua ya 5: Ukinunua nyingine

Uliza maikromoli kwa juli, yaani mwanga wa mmea kwa umeme uliotumika. Taa nzuri ya LED hufika 2.5. Kwa mita moja ya mraba ya saladi, maikromoli 200 kwa sekunde zinahitaji wati 80 kwa taa hiyo, ya 1.2 itakula 167 kwa mwanga uleule, na joto lote la ziada utalitoa kwa feni. Muuzaji asiyeijua namba hiyo, mwache. Nachagua nyeupe kuliko zambarau, kwa sababu chini ya zambarau huoni jani likianza kugeuka njano.

Hatua ya 6: Usafi

Kila wiki mbili zima umeme, futa mapezi ya taa na ya feni kwa kitambaa kikavu. Upepo wa bahari huacha chumvi, na vumbi likiganda juu yake joto halitoki tena kwenye alumini.

Mara ya nne tulisia sebuleni kwanza, trei ikakaa kando ya mtungi wa maji penye ubaridi. Siku ya tatu zilikuwa zimetoka, ndipo tukazipeleka chini ya taa.