Somo: Namna Mwandishi Mgeni Anavyoingia katika Jumuiya ya Waandishi Mtandaoni

Somo hili linamlenga mwandishi mwenye mswada mkononi na asiye na wa kumsomea. Wageni wengi hujisajili, hubandika kazi yao siku hiyo hiyo, husubiri sifa, kisha huondoka na kinyongo kwa sababu hakuna aliyewajibu. Tatizo kwa kawaida si kiburi cha wenyeji. Jumuiya ya waandishi huendeshwa kwa muda wa kusoma, na muda huo hutolewa na wanachama wenyewe bila malipo. Kwa hiyo anayetaka kusomwa na ilhali yeye hasomi wenzake, anachota asichotia.

Hatua ya kwanza: chagua jumuiya kwa kuangalia maoni yake

Idadi ya wanachama haikuelezi mengi. Fungua kazi tano au sita za karibuni katika utanzu unaouandika, uwe ushairi, hadithi fupi, riwaya au tamthilia, kisha usome kilichoandikwa chini yake. Ukikuta "hongera" na "kazi nzuri" tupu, fahamu kwamba hapo utapongezwa lakini hutajifunza. Ukikuta msomaji ametaja aya fulani, akaeleza ilimfanya nini, na mwandishi akarudi siku za baadaye na rasimu iliyobadilika, umefika mahali pazuri, hata kama wanachama hawazidi ishirini.

Hatua ya pili: soma masharti kabla ya kujisajili

Mambo mawili yanahitaji jicho la makini. La kwanza ni hakimiliki. Kwa mujibu wa Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani ni wanachama wake, haki ya mwandishi huanza pale kazi inapotungwa, bila kusajiliwa popote, na hudumu maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kufa kwake. Hata hivyo, unapokubali masharti ya tovuti huwa unaipa ruhusa ya kuionyesha kazi yako. Angalia iwapo ruhusa hiyo inaishia hapo, au inaipa tovuti uwezo wa kuiuza, kuibadilisha au kuwapa wengine.

La pili ni uwazi wa kurasa. Majarida na mashindano mengi hupokea kazi ambazo hazijachapishwa tu, na baadhi yao huhesabu ukurasa unaosomwa na kila mtu kuwa ni uchapishaji. Ukurasa unaofunguka kwa wanachama pekee huwa na hatari ndogo zaidi, ingawa uamuzi wa mwisho ni wa mhariri utakayempelekea kazi.

Hatua ya tatu: jitambulishe kwa ufupi

Jina unalotaka kuitwa, unachoandika na unachokitafuta vinatosha. Namba ya simu na anwani usiziweke.

Hatua ya nne: toa maoni kwanza

Hapa ndipo mgeni anapojulikana, na kwa maoni yangu ndipo anapojifunza zaidi kuliko katika kusomwa kwenyewe, kwa kuwa kosa lililojificha katika kazi yako huonekana wazi katika kazi ya mwenzako. Anza na kazi ambayo haijapata majibu. Isome mara mbili: mara ya kwanza kama msomaji wa kawaida, mara ya pili ukiweka alama pale ulipochoka, ulipopotea au uliposisimka.

Tuchukue sentensi hii: "Alipomkuta amekaa kibarazani, alimwambia kwamba amechelewa." Maoni yasemayo "sentensi haieleweki" hayamsaidii mtunzi. Afadhali kuandika hivi: "Hapa nilisimama. Watu wawili wanatajwa kwa kiambishi kile kile, kwa hiyo sikujua aliyechelewa ni aliyekuja au aliyekuwa amekaa. Nilipofika mwisho wa aya ndipo nilipotambua kuwa ni baba, ikanibidi nirudi nyuma." Maoni hayo yanataja mahali, yanaeleza kilichompata msomaji, na yanamwachia mtunzi kazi ya kuamua kama atataja jina, ataigawa sentensi iwe mbili, au ataacha utata huo kwa makusudi. Jizuie kuandika upya aya nzima kwa mtindo wako, maana utakuwa umegeuka mtunzi wa pili ambaye hakuombwa.

Kosa la tahajia linalojirudia litaje mara moja. Lililo zuri nalo litaje kwa undani ule ule, kwa sababu mwandishi asiyejua kilichofanikiwa anaweza kukifuta katika rasimu inayofuata.

Hatua ya tano: weka kazi yako

Weka kipande kifupi, cha maneno 1,000 hadi 2,000, ulichokihariri mwenyewe kwanza. Tenganisha aya, kwani ukuta wa maneno kwenye skrini ya simu humfukuza msomaji. Eleza kama ni rasimu ya awali au ya mwisho, kisha uliza maswali mahususi: je, mwisho uliutabiri mapema? Je, mazungumzo ya mama na mwanawe yanaaminika?

Hatua ya sita: pokea maoni ukiwa kimya

Warsha ya Waandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1936, inahusishwa sana na utaratibu ambapo mtunzi hukaa kimya wenzake wanapoijadili kazi yake. Utaratibu huo una wakosoaji wake, lakini mantiki yake ni nyepesi kuelewa: kitabu kikishafika kwa msomaji, mwandishi hayupo pembeni kufafanua. Mtandaoni kimya ni kigumu zaidi, kwa sababu nafasi ya kujibu iko papo hapo chini ya maoni. Shukuru, uliza pale usipoelewa, na utetezi uuache ulale usiku mmoja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, wasomaji wawili wamenipa maoni yanayopingana kuhusu sura moja. Nimfuate yupi?

Jibu: Angalia kwanza kama wote wawili wamesimama mahali pamoja. Mmoja akisema sura ni ndefu na mwingine akasema inahitaji maelezo zaidi, huenda tatizo ni moja: maelezo yaliyopo si yale yanayohitajika. Msomaji kwa kawaida huwa sahihi anaposema alichokihisi. Dawa anayoipendekeza ndiyo ya kupimwa.

Swali: Naogopa wazo langu litaibwa. Nifanyeje?

Jibu: Hakimiliki hulinda namna ulivyoliandika wazo, si wazo lenyewe, na watu wawili wenye wazo moja huandika hadithi mbili tofauti. Hofu ya maana zaidi ni ya kunakiliwa maandishi yenyewe. Hifadhi rasimu zako zenye tarehe, na riwaya usiiweke nzima.

Swali: Nimeweka shairi wiki mbili zilizopita na hakuna aliyejibu. Je, nilifute?

Jibu: Usilifute kwa sababu hiyo, ndugu yangu. Toa maoni ya kina kwa watunzi watatu wanaoandika bahari (aina ya shairi) uliyoiandika, kisha ongeza swali moja chini ya shairi lako, kwa mfano kama mizani, yaani idadi ya silabi katika kila mshororo, imekaa sawa katika ubeti unaoutilia shaka. Wasomaji wengi hunyamaza kwa kutojua waanzie wapi.

Swali: Je, ninaweza kutumia jina la kalamu?

Jibu: Ndiyo, isipokuwa masharti yakikataza. Tumia hilo hilo moja wakati wote, ili wanaokusoma wakujue.