Kuimba na kutunga kwenye bendi ya rock ukiwa Arusha: anza na daftari kabla ya gitaa

Haya machalii wa Chuga na ndugu zetu wa Moshi. Naandika hii kwa sababu vijana wengi wananifata wananiuliza kaka nataka kuanzisha bendi ya rock, ninunue gitaa gani, spika gani, na mimi nawauliza kitu kimoja tu, nyimbo zako ziko wapi? Wengi hawana hata moja. Jina la bendi lipo, picha zipo, wimbo hakuna. Kwa iyo leo naongea na yule anayetaka kushika maiki NA kutunga, mana hizo ni kazi mbili na ile ya pili ndo inayokubeba miaka yote.

Tuanze na mtu ambaye wengi wanamtaja ila maisha yake hawayajui vizuri. Freddie Mercury, muimbaji wa Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza, alizaliwa Unguja, 5 Septemba 1946, jina la nyumbani Farrokh Bulsara. Yani ukipanda basi hapa mpaka Dar ukachukua boti umefika alikozaliwa. Akiwa mdogo wazazi wakampeleka shule ya bweni Panchgani, India, huko ndo akapiga piano kwenye bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics, alikuwa na miaka 12 hivi. Akarudi Unguja, mwaka 1964 yakatokea mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Akasoma sanaa ya michoro chuo cha Ealing, akauza nguo za zamani soko la Kensington pamoja na Roger Taylor ambaye ndo mpiga drams wa Queen, akapitia bendi mbili tatu ambazo hazikufika popote. Queen ikaanza 1970, albamu ya kwanza 1973, wimbo uliowafungulia njia Uingereza ukatoka 1974. Hesabu kutoka The Hectics mpaka hapo, ni kama miaka 16. Naisema hii ili usivunje bendi baada ya miezi minne tu eti watu hawatuelewi.

Sasa daftari. Nunua la mia tano, la kawaida la shule, na simu yako iwe na sehemu ya kurekodi sauti. Kila siku andika kipande, sio wimbo mzima, KIPANDE. Mstari mmoja uliousikia kwenye kifodi (daladala) cha Kijenge, kitu mama alisema, ugomvi wa stendi, mlima Meru ulivyojificha wiki nzima kwenye mawingu halafu siku moja asubuhi ukatokea wote. Rekodi na melodi hata kama huna maneno, imba la la la, weka tarehe. Usijihukumu siku hiyo, hukumu baada ya wiki mbili. Bohemian Rhapsody, ule wimbo wa Queen uliotoka 1975, watu wanadhani ilishuka tu siku moja, ila kuna vipande vyake Freddie alikuwa anavipiga kwenye piano tangu mwishoni mwa miaka ya 60, kabla Queen haijakuwepo. Na walipoingia studio ile sehemu ya sauti nyingi peke yake ilikula kama wiki tatu, watu watatu wanaimba kutwa, wanarudia, wanapanga sauti juu ya sauti. Kipande cha leo kinaweza kukaa miaka sita kwenye daftari ndo kikapata nyumba yake.

Hapa nataka nikae kidogo mana ndo pagumu na hakuna anayetufundisha: Kiswahili na rock vinagombana, lazima uvipatanishe. Rock inagonga, drams zinapiga kwa nguvu pigo la pili na la nne, na Waingereza wana maneno mafupi ya silabi moja wanayapigilia palepale kama msumari. Sisi neno letu linatiliwa mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Sema "nakupenda", nguvu iko kwenye PE, halafu nda inadondoka. Ukichukua melodi ya kizungu ukabandika Kiswahili juu yake unajikuta pigo kubwa limeangukia kwenye nda na unaivuta, nakupendaaaa, msikilizaji anahisi kama anayeimba ni mgeni aliyejifunza lugha juzi. Dawa yake ni rahisi: pigo kubwa liweke kwenye silabi yenye mkazo, ya mwisho iache idondoke baada ya pigo. Kabla hujashika gitaa usome mstari kwa sauti kama unamwambia mtu, huku unapiga paja. Kama paja na mdomo havikubaliani badilisha maneno, usilazimishe.

Ya pili, vitenzi vyetu ni virefu. "Ninakukumbuka" ni silabi sita zimeliwa na neno moja na gitaa bado linakusubiri. Tumia "nakukumbuka", tumia amri, amri ni tamu sana kwenye rock: twende, toka, ngoja, sema, njoo. Ya tatu, angalia maneno kama "mtu" na "nchi", mkazo wake umekaa kwenye m na n, yani mdomo umefunga au ulimi umeziba, sasa utapiga kelele na nini? Usimalizie korasi na "mtu" halafu ukashangaa sauti haitoki. Nilikuwa na mstari unaoishia "mimi ni mtu" nikahangaika nao mwezi mzima, nilivyobadilisha ukaishia "binadamu" ukafunguka palepale. Na ukitaka kupanda juu kabisa malizia na a au o, koo linafunguka. Zile i na u huko juu zinabana, ziweke sehemu za chini au zipitie haraka.

Uimbe Kiswahili au Kiingereza? Mimi nasema Kiswahili, kwa moyo wangu wote. Najua hapa kuna hoteli na wageni wanaotoka kupanda mlima na unaona kama Kiingereza ndo kitauza, ila korasi wanayoiimba na wewe ni watu wa hapa, na mgeni anacheza tu hata kama haelewi, yeye gitaa limemtosha. Arusha tuna ushahidi kwenye hip hop, X Plastaz walichukua uimbaji wa Kimaasai wakauchanganya na Kiswahili na Kihaya wakafika Ulaya na muziki huo huo, hawakujifanya watu wa New York. Rock yetu inaweza kupita njia hiyohiyo.

Kupata wenzako: usianzie baa, anzia kanisani. Nasema kwa uzoefu. Wapiga drams, kinanda na besi wengi wa huku wamekulia kwenye kwaya na vikundi vya sifa, na upande wa Uchagani kuna vikundi vya tarumbeta vya makanisa ya Kilutheri ambavyo watu wake wanajua kupanga sauti vizuri sana. Mtu wa kwaya keshazoea kufika mazoezini, keshazoea kusikiliza mwenzake, na hiyo ni ngumu kufundisha kuliko kufundisha mtu kupiga kwa nguvu. Muheshimu tu ratiba yake, Jumapili asubuhi usimpangie kitu, na kama ana wasiwasi na neno rock msikilizishe maneno ya nyimbo zako kwanza. Wanne wanatosha: drams, besi, gitaa la solo, na wewe na gitaa la rithimu au kinanda. Nyimbo tatu za kwanza zifanyieni mazoezi bila umeme kabisa, gitaa kavu na mpiga drams anagonga kwenye kiti, majirani hawatalalamika na umeme ukikatika hamtajua. Wimbo ukisimama hivyo utasimama popote.

Sasa hela na majina, usiruke hapa. Bendi yangu ya kwanza ilikufa kwa kitu hiki. Tulikuwa na wimbo mmoja ambao watu walianza kuuomba, mimi niliandika maneno na korasi, mwenzangu alitengeneza ule mlio wa gitaa wa mwanzo, drams zikaja na yule mwingine, na hatukuandika popote. Siku promota mmoja alipotaka kuulipia ndo kila mtu akawa mtunzi, tukagombana, hela yenyewe haikuja na ule wimbo mpaka leo haupigwi na mtu. Roho inaniuma bado. Na sio sisi tu, Queen wenyewe waligombana kwenye hili: upande wa pili wa santuri ya Bohemian Rhapsody uliwekwa wimbo wa Roger Taylor, na kwa taratibu za wakati ule aliyetunga upande wa pili analipwa sawasawa na aliyetunga ule wimbo uliouza, ikaleta maneno ya muda mrefu. Mwishoni, kuanzia albamu ya 1989, wakaamua nyimbo zote ziandikwe jina la bendi nzima bila kujali nani kaanza, na amani ikaingia.

Kwa iyo wiki ileile wimbo unapokamilika kaeni chini na soda, andikeni kwenye karatasi: jina la wimbo, tarehe, nani kaandika maneno, nani melodi, nani kapanga muziki, asilimia ngapi kila mtu, sahihi zenu wote, kila mtu apige picha. Ushauri wangu kama bado mko chini ni mgawane sawa nyimbo zote, utaona watu wanaleta mawazo bila kuyaficha. Kisheria hapa kwetu kazi ikishabuniwa tayari ina hakimiliki, na inalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, ila siku ya ugomvi utatakiwa uthibitishe, ndo mana nenda COSOTA (ofisi ya hakimiliki) ukasajili nyimbo na BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) ukajisajili kama msanii. Watu wanaahirisha mpaka wimbo utoke, usiahirishe.

Mkataba wowote wa meneja au studio usisaini siku hiyohiyo. Queen walikuwa na nyimbo zinapigwa redioni na bado hawana hela mfukoni kwa sababu ya mkataba wao wa kwanza, wakatoka kwenye ule mkataba mwaka 1975. Chukua nyumbani, mpe mtu anayejua sheria asome, anayekukimbiza muogope.

Koo lako. Baridi ya huku ya mwezi wa sita na wa saba ni adui, na vumbi la kiangazi ni adui mwingine. Kabla ya mazoezi imba taratibu dakika 15, hum na mdomo umefunga, panda shuka, ndo uanze kupiga kelele. Maji kutwa nzima, sio chupa moja jukwaani. Tangawizi sawa inakufariji ila haifiki kwenye nyuzi za sauti, kinachofika ni mvuke na kupumzika. Sauti ikikwaruza nyamaza kweli, usinong'one mana kunong'ona nako kunaichosha, na ikizidi wiki mbili muone daktari wa koo. Freddie mwenyewe alipata vinundu kwenye nyuzi za sauti na baadhi ya shoo za Marekani mwaka 1975 zikafutwa, sasa wewe unayeimba juu ya spika moja mbovu baa utajitunza vipi? Dai spika ya kujisikilizia. Asiyejisikia anapiga kelele zaidi ya anavyohitaji.

Jukwaani mwanzoni utapiga nyimbo za watu, hotelini na kwenye mabaa wanataka hivyo na kodi lazima ilipwe, ni sawa kabisa. Weka zako mbili katikati ya kumi, usiziweke mwisho watu wakishaondoka, na usizitambulishe kwa kuomba samahani. Halafu fanyeni mazoezi na saa. Ile shoo ya Queen kwenye tamasha la Live Aid, uwanja wa Wembley kule London, tarehe 13 Julai 1985, watu kama elfu 72 uwanjani, ilikuwa dakika 21 hivi tu, na walikaa mazoezini kabla yake wakazikata nyimbo zao ili zitoshe kwenye muda waliopewa. Mkipewa dakika 20 jiandaeni kwa 18, mbili ni za kebo kugoma.

Ukishashuka, kabla ya kulala, fungua lile daftari uandike ni mstari gani watu waliuimba na wewe na wapi waligeuka kuongea na wenzao. Ule uliowapoteza uusome tena kwa sauti huku unapiga paja, na rekodi za usiku huo zitume kwa mwenzako mmoja wa bendi, mana simu zinaibiwa.