Kabla hujapeleka vitu vya bethidei dei kea

Mwanao anatimiza miaka miwili na unataka wenzake wa dei kea wale, wafurahi. Vizuri. Ila kabla hujaagiza chochote, fikiria chumba chenyewe: mlezi mmoja, pengine na msaidizi, na kundi la watoto ambao wengine wanatambaa, wengine wanakimbia, na wote wanataka kupewa kwanza. Hicho utakachopeleka kitaliwa katika vurugu hiyo, wewe ukiwa kazini. Nimelea watoto wa umri huo hapa Dar es Salaam, kwa hiyo mtanivumilia nikiamrisha kidogo. Chagua kitu ambacho mlezi hatalazimika kukisimamia mdomo kwa mdomo.

Ongea naye siku mbili tatu kabla, si asubuhi yenyewe pale getini keki ikiwa mkononi. Uliza wako wangapi, nani ana mzio wa karanga, mayai au maziwa, na kama kuna wachanga wanaokaa pamoja na wakubwa. Aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali, hata ya kulamba. Na kabla ya kununua pipi za jeli soma pakiti, maana jelatini nyingine hutokana na nguruwe na darasani kuna watoto wa Kiislamu.

Keki iwe ya kawaida, bila krimu. Krimu iliyopanda bodaboda mwezi wa Februari hufika imehamia kwenye kifuniko cha boksi, na jina la mtoto limebaki herufi mbili. Ikate nyumbani, vipande vidogo vya kushika kwa mkono, ili kisu kisiingie darasani. Vile vijiti vya meno tunavyochomeka kwenye keki za wakubwa vibaki huko huko kwa wakubwa. Na habari ya kulishana, uma mmoja ukizunguka darasa zima ili picha zipatikane, acheni. Mmoja akiwa na mafua, wiki inayofuata darasa zima linakohoa, na wanaokaa nao wakikohoa ni sisi.

Halafu kuna ubuyu. Hapa nitakaa.

Mama mmoja alituletea vifurushi vizuri sana: biskuti, juisi ya boksi, puto, na kipakiti cha ubuyu wa Zanzibar, ule mwekundu wenye harufu ya iliki. Tulipanga kuwapa watoto wakati wa kuondoka. Tukiwa tunavalisha viatu, kijana mmoja wa kama miaka miwili akachana kipakiti chake kwa meno, kimya kimya. Mwenzangu alipogeuka alimkuta amesimama pembeni ya rafu ya viatu, mdomo wazi, macho yamemtoka, mate mekundu yanamtiririka kidevuni. Tulidhani damu. Kumbe rangi ya ubuyu, na kokwa imemkaba kooni.

Hakulia, wala hakukohoa. Watu wengi hawalijui hilo: mtoto aliyezibwa kabisa hapigi kelele, kwa sababu hewa haipiti. Angekuwa amegeukia ukutani, tungeendelea kufunga kamba za viatu. Mwenzangu alimlaza kifudifudi juu ya paja, kichwa chini, akampiga kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega mpaka kokwa ikaruka kwenye mkeka. Ndipo kilio kikaja, na sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile.

Mapigo hayo ni mpaka matano. Yakishindikana, aliyezidi mwaka mmoja unamkumbatia kwa nyuma na kumsukuma tumbo, juu kidogo ya kitovu, kwa kuvuta ndani na juu, mara tano, kisha unarudia mgongo. Wa chini ya mwaka husukumwa kifuani kwa vidole viwili, kamwe si tumboni. Usiingize kidole kutafuta usichokiona. Utakisukuma ndani zaidi. Na wakati hayo yanafanyika, mtu mwingine awe anatafuta gari.

Yule mama alishangaa, maana kwake ubuyu ni kitu cha kila siku. Na ni kweli, kwa anayejua kumung'unya akatema kokwa. Wa miaka miwili hajui kutema. Kundi hilo hilo lina karanga, kashata, korosho, bisi, pipi ngumu, zabibu nzima na soseji zilizokatwa mviringo. Zabibu na soseji zinaokoleka ukizikata kwa urefu, vipande vinne vinne. Hizo nyingine, mpaka wafike miaka minne au zaidi.

Basi wapewe nini? Ndizi mbivu, papai, tikiti lililotolewa mbegu, maandazi madogo laini, mkate wa kumimina uliokatwa vipande vyembamba. Hakuna mtoto wa miaka miwili atakayeuliza mbona hakuna krimu. Matunda yakatwe asubuhi ile ile, yafunikwe, yaliwe saa ya uji. Kwa joto letu, kilichokatwa kikikaa nje zaidi ya saa moja usikiamini.

Puto zisiwemo. Likipasuka, kile kipande laini hunata kooni kuliko hata kokwa. Vifurushi vya kwenda navyo nyumbani akabidhiwe mzazi, si mtoto, tena kwenye bahasha za karatasi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019, na bado kuna watu wanatuletea. Soda hapana. Mishumaa, uliza kwanza. Mambo ya kumwagiana maji subirini akikua. Na zile picha za darasa zima, kabla hujazitupia kwenye status, kumbuka humo kuna watoto wa watu ambao wazazi wao hawajaulizwa.