Kabla ya Kukisoma Kifungu Usichokijua: Mambo ya Kuzingatia kwenye Ufahamu

Mwanafunzi akianguka ufahamu, kisingizio chake huwa kimoja: "Mwalimu, msamiati ulikuwa mgumu." Basi mimi humwambia alete karatasi tuitazame pamoja. Mara nyingi swali la msamiati limemla alama mbili tu. Zile nyingine, nyingi kuliko hizo, zimeliwa na vijineno ambavyo angekuapia anavijua tangu shule ya msingi: nusura, sembuse, laiti, si haba, ila. Neno kubwa usilolijua hukushtua, ukasimama ukalitazama. Kijineno hakikushtui. Unakipita mbio, na maana inageuka nyuma ya mgongo wako.

Haya ninayoyaandika ni ya mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, Karatasi ya Pili ya Kiswahili, kwa kuwa ndiyo ninayoisahihisha kila muhula. Anayesomea mtihani mwingine atachukua kinachomfaa.

La kwanza ni kujua hesabu ya karatasi yenyewe. Ina alama 80 kwa saa mbili na nusu: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii 10. Ukigawa dakika 150 kwa haki, ufahamu unapata dakika kama 28. Wengi wanaogopa zile alama 40 za sarufi, kwa hiyo kifungu wanakimaliza kwa dakika kumi kisha wanakimbilia mbele. Dakika 28 ni nyingi kwa kifungu cha ukurasa mmoja au zaidi kidogo. Zinatosha kukisoma mara tatu na kujibu bila pupa. Ingia chumbani ukijua hivyo, maana ukishaingia na hofu hutapiga hesabu yoyote.

La pili huanza wiki nyingi kabla. Vifungu hutolewa popote: mazingira, afya, teknolojia, malezi, ufisadi, kilimo. Huwezi kukisia. Unachoweza ni kuzoea kukutana na jambo geni katika Kiswahili. Soma tahariri ya gazeti la Taifa Leo leo, kesho ukurasa wa afya, keshokutwa michezo, hata kama mpira huupendi. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Ukikutana na neno usilolijua, usikimbilie kamusi. Kisia kwanza maana yake kutokana na sentensi, andika ulichokisia pembeni, ndipo ufungue kamusi uone umekaribia kiasi gani. Kwenye mtihani kamusi haipo, lakini kukisia kupo. Mwanafunzi anayefungua kamusi kabla ya kukisia anafanya mazoezi ya kitu ambacho hataruhusiwa kukifanya.

Sasa tuchukue kifungu chenyewe. Hiki nilikitunga mwenyewe kwa ajili ya darasa langu la kidato cha tatu, kifupi makusudi:

"Gugumaji halikuzaliwa Ziwa Viktoria. Asili yake ni Amerika Kusini, na huko kwao lina maadui wa kulidhibiti. Lilipotinga huku mwishoni mwa miaka ya 1980, maua yake ya zambarau yalimvutia kila aliyeyaona. Laiti wavuvi wangalijua! Muda si muda lilizagaa, likaziba bandari na kunasa meli, sembuse mitumbwi. Katika miaka ya 1990 fukusi waliletwa kulitafuna. Walifanya kazi si haba, ingawa hawakulimaliza."

Mistari michache tu, na hakuna neno la kumtoa mtu jasho. Hata hivyo darasa zima lilijikwaa.

Kabla ya kukisoma, soma maswali. Najua walimu hatukubaliani hapa. Wapo wanaosema ukianza na maswali utasoma kifungu kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka mchangani, hutaona kingine. Nakubali hatari hiyo ipo, ndiyo maana nasema yasome mara moja tu, usiyakariri, wala usianze kujibu. Unachotaka kujua ni kifungu kinahusu nini na unadaiwa nini. Kisha soma kifungu chote kuanzia mwanzo hadi mwisho, kalamu ikiwa mezani. Kalamu ishikwe katika usomaji wa pili.

Katika maswali, kitazame kitenzi kinachokuamuru. "Taja" inataka jina la kitu basi. "Eleza" inataka kitu pamoja na sababu au namna yake. "Thibitisha" inataka ushahidi kutoka kifunguni, si maoni yako. Na swali likianza na "kwa mujibu wa kifungu", weka kando yote uliyofundishwa kwenye Biolojia na Jiografia. Hili la mwisho lina kisa, nitalirudia.

Tukija kwenye kifungu, Kiswahili kimekupa zawadi ambayo wengi hawaitumii: ngeli. Ukipotea usijue nani kafanya nini, tazama kiambishi kilichobebwa na kitenzi. "Yalimvutia" haiwezi kuwa gugumaji, maana gugumaji hapa ni "li": lilipotinga, lilizagaa, likaziba. "Ya" ni maua. Kwa hiyo swali "ni nini kilichowavutia watu?" lina jibu moja tu, nalo limeandikwa ndani ya kitenzi. Katika usomaji wa pili, pale palipokuchanganya, chora mshale mdogo kutoka kwa kiambishi hadi kwa nomino yake. Dakika moja hiyo.

Ila ngeli ya A-WA ina ujanja wake. Nani "walifanya kazi si haba"? Wanafunzi wangu kumi na kitu waliandika wavuvi. Wavuvi ni "wa", fukusi ni "wa", na akilini kazi hufanywa na watu. Hapo kiambishi pekee hakitoshi, lazima urudi kwenye sentensi iliyotangulia uone nani alikuwa akizungumziwa. Ni fukusi, walioletwa kulitafuna gugu.

Na hapo hapo kuna kile kisa nilichoahidi. Msichana mmoja, hodari kweli, aliandika kwamba fukusi waliletwa wakaharibu mazao. Nilipomuuliza alinijibu bila kusita, "Mwalimu, kwetu fukusi ndio wanaomaliza mahindi ghalani." Hakukosea kuhusu mahindi. Fukusi wa ghalani anamjua kwa macho, amemwona akitoka kwenye punje. Lakini fukusi wa kwenye kifungu ni wa aina nyingine, anayekula gugumaji, na waliletwa ziwani kwa kazi hiyo. Alichokijua kilikuwa na nguvu kuliko alichokisoma. Kwa hiyo kabla ya kusoma, ndiyo, jikumbushe unachokijua kuhusu mada, kinasaidia sana. Ila kifungu kikipingana nawe, kwenye chumba cha mtihani kifungu ndicho chenye haki.

Nimesema vijineno ndivyo vinavyoua. Vitazame. "Laiti wavuvi wangalijua" maana yake hawakujua. Nusu ya darasa ilijibu kwamba wavuvi walijua hatari mapema, kwa sababu waliona "wavuvi" na "jua" vimekaa karibu. "Kunasa meli, sembuse mitumbwi" maana yake kama meli kubwa ilinaswa, mtumbwi ndio zaidi. Kuna walioandika kwamba mitumbwi iliponea. "Kazi si haba" ni kazi kubwa, ingawa "si" inamfanya msomaji wa haraka adhani kitu kimekanushwa. Hizo ni tatu katika mistari michache. Ongeza "nusura azame", ambaye hakuzama, na "hakuna asiyelijua", ambalo wote wanalijua. Ongeza pia "licha ya", "ilhali", "minghairi ya" na "bali". Kila moja ya hizo ni kona, na kwenye kona dereva hupunguza mwendo. Katika usomaji wa pili vizungushie vyote kwa penseli.

Swali la msamiati nalo lina kanuni zake, na ni fupi. Huulizwa maana ya neno "kama lilivyotumika", kwa hiyo maana unayoijua kutoka kwingine inaweza isifae. "Kutinga" wengi wanaisikia redioni timu ikitinga fainali, na hapa imewasaidia: ni kufika, kuingia. Lakini jibu la "lilipotinga" si "kufika". Ni "lilipofika" au "lilipoingia". Rudisha neno katika umbo lile lile: kitenzi kwa kitenzi, wakati kwa wakati, umoja kwa umoja. Halafu liingize jibu lako kwenye sentensi na uisome. Likikwama kama mfupa kooni, tafuta jingine.

Kuhusu kunakili: mtu akiona sentensi yenye jibu huihamisha nzima nzima, pamoja na makorokoro yake. Swali "kwa nini gugumaji halisumbui kule lilikotoka?" halihitaji sentensi ya Amerika Kusini yote. "Kwa sababu huko lina maadui wanaolidhibiti" inatosha. Ukiandika kwa maneno yako, angalia hijai na sarufi, kwani hukatiwa alama hata kama hoja ni sahihi. Inauma kupoteza nusu alama kwa kuandika "dhambarau". Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa nikijaza mistari yote niliyopewa na kuendelea pembeni, nikidhani urefu ni elimu. Nafasi uliyoachiwa kwenye karatasi ni fununu ya ukubwa wa jibu.

Ukiombwa anwani mwafaka, lijibu mwisho kabisa hata kama ni swali (a). Kisha ipime kwa aya ya mwisho: je, bado inafaa? "Uzuri wa Gugumaji" inafaa hadi sentensi ya tatu tu. "Balaa la Gugumaji" inafika mwisho.

Siku ya mtihani yenyewe sina mengi. Lala. Beba penseli pamoja na kalamu, na saa ya mkono ya kawaida, maana saa ya ukutani huenda ikawa nyuma yako au imesimama tangu mwaka juzi. Ukikutana na aya usiyoielewa kabisa, iache, maliza kifungu, kisha irudie. Mara nyingi aya inayofuata ndiyo inayoifungua.

Na kwa anayetaka kuanza leo: tafuta tahariri yoyote ya Kiswahili. Zungushia kila "lakini", "bali", "ilhali" na "licha ya" utakazozikuta. Chini ya kila moja andika kwa maneno yako mwandishi amekanusha nini na amekubali nini. Mara ya kwanza itakuchukua nusu saa na utaudhika. Wanangu wa kidato cha tatu waliudhika pia, na mmoja akaniuliza kama ufahamu umegeuka kuwa hisabati.