Spectrum na Commodore 64 ndani ya Pentium 4 ya mtumba

Kompyuta ya Pentium 4 ya mtumba kutoka Kariakoo, yenye RAM ya MB 512, inatosha kuiga kompyuta za zamani za ZX Spectrum na Commodore 64. ZX Spectrum ya 1982 ilikuwa na prosesa ya 3.5 MHz na kumbukumbu ya KB 48 tu, kwa hiyo kuiiga si kazi nzito.

Anza na feni, si programu. Kwa joto la Dar, grisi ya prosesa ikikauka, Pentium 4 hujipunguzia kasi yenyewe, na sauti huanza kukatika. Watu huilaumu emuleta (programu inayoiga kompyuta nyingine) bure. Puliza vumbi, futa grisi kuukuu kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Tarehe ikipotea kila ukiwasha, badilisha betri ya CR2032.

Weka antiX ya biti 32 (aina nyepesi ya Linux), kisha andika kwenye terminali:

sudo apt install fuse-emulator-gtk spectrum-roms

Ikigomea spectrum-roms, ruhusu kwanza sehemu ya non-free (programu zisizo huria) kwenye vyanzo vya apt. Ndani ya Fuse, emuleta ya Spectrum, usichape LOAD herufi kwa herufi: bonyeza J, neno zima litatokea. Kisha Ctrl+P mara mbili kupata alama za kunukuu, Enter, halafu fungua faili lako la TAP (nakala ya kaseti ya Spectrum).

Kwa Commodore 64 tumia emuleta ya VICE. Programu yake ya x64sc ni sahihi zaidi lakini inakamua prosesa. Matoleo ya zamani yana x64, nyepesi zaidi. Chapa LOAD"*",8,1, subiri READY, kisha RUN. Picha ikirukaruka kidogo, usifungue tena boksi: PAL, mfumo wa TV uliotumiwa na mashine hizi, ni picha 50 kwa sekunde, kioo chako kina 60.