Namna ya Kushona Foronya na Vitu Vingine kwa Mabaki ya Kitenge

Kitenge kwa kawaida huuzwa kwa kipande cha yadi 6, na gauni likishakamilika hubaki vipande ambavyo mteja mara nyingi havidai na fundi huvifagia jioni pamoja na nyuzi. Katika vibanda vya mafundi vya Kiyembe, jijini Kampala, vipande hivyo hujaza magunia, nami huumia kila ninapoviona vikipelekwa jalalani, maana kipande chenye upana wa kiganja bado kina kazi.

Kwanza vichambue, si kwa rangi bali kwa aina ya uzi. Pamba huvumilia pasi ya moto na hushika mkunjo, ilhali poliesta inayong'aa, kama ile ya magomesi mengi (magauni ya heshima ya wanawake wa Uganda), huteleza chini ya sindano na huyeyuka karibu na moto. Usipokuwa na hakika, choma uzi mmoja: wa pamba huacha jivu jepesi lenye harufu ya karatasi iliyoungua, na wa poliesta hujikunja ukawa kitone kigumu. Kisha fua vipande vya pamba vikiwa vimefungwa ndani ya foronya kuukuu ili kingo zisifumuke, kwa sababu kitambaa kisichofuliwa kinaweza kusinyaa baadaye na kuvuta mishono yote.

Kwa foronya ya mto wa kiti, kata miraba 16 ya sentimita 12 kwa kutumia kiolezo cha kadibodi. Ipange sakafuni, minne kwa minne, na uitazame kabla ya kushona. Mimi huingiza miraba minne ya rangi moja iliyopoa, kwani maua ya kitenge yakikutana yote kwa pamoja jicho halipati pa kutua. Shona safu moja moja ukiacha sentimita 1 ya mshono, piga pasi mishono ya safu ya kwanza ielekee kulia na ya safu ya pili ielekee kushoto, na hivyo hivyo hadi mwisho, ili safu zinapounganishwa pembe zikutane bila uvimbe. Utapata kipande cha sentimita 42. Nyuma, kata vipande viwili vya sentimita 42 kwa 28, kunja pindo la sentimita 1 mara mbili kwenye ukingo mmoja mrefu wa kila kimoja, kisha vilaze juu ya uso wa foronya, pande za nje zikitazamana, vikipandana kwa sentimita 10 katikati. Shona kuzunguka pande zote nne, geuza, nawe umepata foronya ya sentimita 40 isiyohitaji zipu.

Vishikio vya sufuria vishonwe kwa pamba tupu, pamoja na tabaka mbili za taulo kuukuu ndani. Vipande virefu vyembamba vikate mshazari, upana wa sentimita 4, uviunganishe viwe utepe wa kufunika kingo; kitambaa kilichokatwa hivyo hunyumbuka na kufuata mviringo. Poliesta ya gomesi ifanye bitana ya mkoba.

Chembe zilizosalia zikate ndogo zaidi kwa mkasi, kwani zikiwa ndefu hujisokota zikawa mabonge, na uzijaze katika mfuko wa pamba ulioshonwa pande zote, uwe mto wa ndani, ili foronya ivuliwe na kufuliwa peke yake.